MAJANI YA MUHOGO NA MASHINE ZINAZOJIFUNZA

Hotuba ya kikundi cha masomo, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Muheza



Tumeombwa tueleze jinsi sisi wa kikundi cha masomo tunavyofuatana na elimu ya mashine zinazojifunza, ile ambayo siku hizi redioni huitwa akili mnemba. Twashukuru kwa nafasi hii. Lakini kabla hatujasema tunavyofanya sasa, yatupasa tuungame tulivyofanya zamani, kwa sababu yuko mzee mmoja amekaa humu ndani leo, safu ya pili, ambaye alilipia kosa letu kwa nusu eka ya muhogo wake. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tulisimulie jambo hili, na amesema kama hatulisimulii vizuri atasimama alisimulie yeye.

Mwaka 2018 tulikuwa vijana saba wenye simu na kiu kubwa ya elimu. Kila asubuhi, kabla ya chai, tulikuwa tukifungua simu kutazama kumetoka nini usiku. Kila jina jipya tulilijua. Kila mashine iliyotangazwa Marekani au China tuliibishania barazani kama watu wanavyobishania mpira. Lakini mtu angetuuliza mashine yenyewe hujifunzaje, tungekohoa. Tulikuwa tukisoma vichwa vya habari, na tukadhani ndiko kuendelea.

Kichwa kimoja cha habari kilituingia moyoni: kwamba mashine imetazama picha za majani ikatambua magonjwa ya mimea kwa usahihi wa 99 kwa mia. Tukasema, kazi imekwisha, kilichobaki ni kuileta Muheza. Tukaokota picha za majani ya muhogo kwenye intaneti, tukafuata mafundisho ya video, tukaunda programu yetu wenyewe. Tukaipa mtihani, ikapata 96 kwa mia. Siku hiyo tulipika pilau.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, mzee wetu akatuletea majani. Yalikuwa na madoa ya manjano, yamejikunja kidogo. Akauliza swali moja tu: "Wanangu, ningoe au nisingoe?" Tukapiga picha jani moja. Simu ikajibu batobato. Tukamwambia, mzee, ng'oa kabla haujaenea. Akang'oa nusu eka.

Wiki iliyofuata bibi shamba alipita. Akatazama majani ya mashina yaliyobaki, akayageuza chini, akatuonyesha wadudu wadogo mno: utitiri wa kijani. Si batobato. Utitiri hudhuru kiangazi, mvua zikinyesha mmea huinuka tena. Na hata ungekuwa ni batobato, alisema, hakuna mtu mwenye akili anayeng'oa nusu eka kwa jani moja. Tulikwenda kwa mzee kuomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hiyo mashine yenu, ina shamba?"

Ndugu wanachama, swali hilo ndilo lililotufundisha kusoma.

Kwanza tulitaka kujua programu yetu ilipataje 96 katika mtihani ikashindwa shambani. Jibu lilikuwa la kutia aibu. Zile picha tulizookota zilikuwa za mashamba machache tu, na nyingine zilikuwa picha ile ile imekatwa namna mbili. Tulipozigawa, nusu za mafunzo na nusu za mtihani, mashine ilikutana katika mtihani na majani iliyokwisha kuyaona. Ni sawa na mwalimu anayewapa watoto majibu Jumatatu, akawapa mtihani wa maswali yale yale Jumanne, kisha akawasifu mbele ya wazazi. Wenye elimu hii wana jina lao kwa ugonjwa huo. Sisi darasani kwetu tumeuita kukariri, na kila mtu aliyepita shule ya msingi ameelewa mara moja.

Kisha tukarudi kwenye ile habari ya 99 kwa mia. Safari hii tuliacha kichwa cha habari, tukasoma makala yenyewe, neno kwa neno, kamusi mkononi. Ilituchukua Jumamosi nne. Iliandikwa mwaka 2016 na Mohanty, Hughes na Salathé. Walikuwa na picha 54,306 za majani, mimea 14, magonjwa 26. Majani yalichumwa, yakawekwa mbele ya kitu cha rangi moja, yakapigwa picha. Mashine yao bora ilipata 99.35 kwa mia. Hayo tuliyajua. Lakini endelea kusoma. Walipoipa mashine ile ile picha zilizopigwa mahali pengine, kwa namna nyingine, ilipata 31.4 kwa mia. Waandishi hawakuficha neno. Waliandika wazi katika makala ile ile. Ni sisi tuliokuwa hatukufungua. Na katika mimea ile 14, yamo matofaa, zabibu, nyanya, mahindi. Muhogo haumo.

Tungesoma ukurasa ule mwaka 2018, mzee angekuwa na nusu eka yake.

Basi tukaamua kufuata swali moja tu, miaka yote, popote litakapokwenda: je, mashine yaweza kutazama jani la muhogo wetu ikasema kweli? Na tulipolishika swali hilo tukaona jambo ambalo kichwa cha habari hakiwezi kulionyesha.

Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walitoa makala kuhusu muhogo, na picha zao zilipigwa shambani, hapa hapa Tanzania. Hawakuanza mashine upya. Walichukua mashine iliyokwisha kujifunza kutazama vitu vya kila namna, wakaifundisha majani ya muhogo juu ya hapo. Ilipata 93 kwa mia kwa picha ambazo haikufunzwa nazo. Ni chini ya 99, lakini ni picha za shambani, na majani ni ya kwetu. Baadaye, mwaka 2019, wakaitia katika simu wakaipeleka kwa mimea yenyewe, wakaona kwamba jani lenye dalili hafifu huipa taabu kuliko jani lililokwisha kuharibika wazi. Mkulima yeyote angewaambia hivyo. Lakini dalili hafifu ndiyo inayomfaa mkulima, kwa sababu ugonjwa ukishaonekana toka barabarani hahitaji simu.

Mwaka 2020 ndugu Latifa Mrisho na wenzake wakatoa makala ya kuipima programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo husema Kiswahili na hufanya kazi hata pasipo intaneti. Hawakuipima peke yake. Waliipima pamoja na mabwana shamba na wakulima, wote wakitazama majani. Kwa jani moja Nuru ilipata 65 kwa mia. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58. Wakulima kati ya 18 na 31. Na Nuru ilipotazama majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, ikapanda mpaka kati ya 74 na 88.

Sasa zitazameni hesabu hizi kwa pamoja. 99, kisha 93, kisha 65. Mtu wa vichwa vya habari atasema elimu hii yarudi nyuma. Sisi twasema ilikuwa ikikaribia shamba. Ile 99 haikumfaa mtu wa Muheza hata kidogo, na ile 65, pamoja na fundisho la majani sita, yamfaa. Lau mwaka ule tungejua habari ya majani sita tu, hata kama hatungejua kingine chochote, tungemwambia mzee aongeze majani matano kabla ya kushika jembe.

Hapana budi tuseme pia kisichowezekana. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia mara nyingi huozesha mzizi chini hali majani ya juu yaonekana mazima. Mkulima hugundua siku ya kuvuna. Picha ya jani haiwezi kuona kilichomo ardhini. Anayewaambia kwamba simu yake itawaonyesha yote, mwulizeni habari ya mizizi.

Wako watakaosema, haya yote ni kazi ya wasomi wa Chuo Kikuu, ninyi wa Muheza mnaingilia nini? Twawajibu kwa heshima. Inueni macho mtazame mlima. Juu pale ni Amani. Batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg, kwa habari ya muhogo wa nchi hii. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936 na Mwingereza aitwaye Storey, aliyekuwa akifanya kazi Amani. Waliolima mihogo hiyo ni babu zetu. Habari zake ziliandikwa Kijerumani, kisha Kiingereza, na zikasomwa mbali. Hatusemi kazi yao ilikuwa mbaya. Mbegu ya Namikonga, ambayo baadhi yenu mwaijua kwa ustahimilivu wake, ukoo wake watokana na kazi iliyofanywa Amani. Twasema tu kwamba mara ile tulikuwa watu wa kutazamwa. Safari hii picha ni za mashamba yetu, waandishi wengine ni ndugu zetu, na karatasi zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Tusipozisoma safari hii, tutamlaumu nani?

Tuje sasa kwenye namna ya kufuatana nayo, maana hilo ndilo hasa tuliloulizwa.

Uwingi wa maandishi ni wa kutisha. Iko ghala moja ya makala iitwayo arXiv, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Paul Ginsparg, ambamo wataalamu wa hesabu, fizikia na kompyuta huweka kazi zao bure. Mwaka 2024 ilikuwa ikipokea zaidi ya makala 20,000 kwa mwezi. Si zote za mashine zinazojifunza, lakini sehemu kubwa ni zao. Hakuna mtu duniani anayesoma zote, hata huko zinakoandikwa. Basi mtu asiyesoma zote asijione mjinga. Mjinga ni yule anayejaribu, kama tulivyojaribu sisi.

Tuliligawa jambo hili. Mmoja wetu, kwa zamu ya mwezi mmoja, ndiye mlinzi wa habari. Yeye husoma habari za kila siku kwa niaba yetu sote, na Jumamosi hupewa dakika kumi atueleze. Wengine tumekatazwa kuzigusa. Mwezi Januari 2025, dunia nzima ilipokuwa ikipiga kelele juu ya mashine ya Kichina iitwayo DeepSeek, mlinzi wetu alisema dakika zake kumi, tukamuuliza maswali mawili, tukarudi kwenye somo letu la makosa ya vipimo. Kusema kweli wawili kati yetu walikasirika. Sasa wamezoea.

Muda uliobaki ni wa mizizi. Picha, kwa mashine, si picha; ni tarakimu. Kila nukta ina hesabu yake ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu. Mashine huzizidisha tarakimu hizo kwa tarakimu nyingine, tunazoziita uzito, kisha hutoa jibu. Mwanzoni jibu ni la kubahatisha. Huonyeshwa kosa lake, ikapunguza uzito hapa, ikaongeza pale, ikarudia tena mara maelfu kwa maelfu mpaka kosa lipungue. Njia ya kulirudisha kosa nyuma kutoka kwenye jibu mpaka kwenye kila uzito ilielezwa vizuri mwaka 1986 na Rumelhart, Hinton na Williams. Hinton huyo mwaka 2024 alipewa Nobeli ya fizikia pamoja na Hopfield. Na fikra yenyewe ya kutafuta kosa dogo kuliko yote ni kongwe zaidi. Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805, akipima njia za nyota zenye mkia. Tulianza kwa Legendre. Kwa karatasi ya mraba, penseli na rula, katika meza hii hii. Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza samaki, ndiye aliyeelewa kabla ya sisi wote, kwa sababu amekuwa akikisia bei ya kesho kwa bei za wiki nzima tangu ujana wake.

Mashine kubwa za maneno zilizotoka tangu mwisho wa mwaka 2022, ambazo watoto wenu huziuliza kazi za shule, nazo zilifunzwa kwa kurudisha kosa nyuma kwa namna ile ya 1986. Muundo wake ulitoka katika makala moja ya watu wanane, mwaka 2017. Aliyeisoma makala hiyo kwa mwezi mmoja akaielewa, yu mbele ya aliyesoma vichwa vya habari miaka mitano. Sisi tuliisoma mwaka 2021, tumechelewa, si kitu. Nasi huzitumia mashine hizo kutusaidia Kiingereza kigumu, lakini tumeweka sharti: ikikutajia kitabu au makala, ukaifungue kwanza kwa macho yako. Zimetutajia makala ambazo hazijaandikwa na mtu yeyote.

Kila mwezi twasoma makala moja, nzima. Huanza na sehemu ile ya mwisho ambapo waandishi hueleza waliposhindwa. Ndipo hurudi mwanzo. Na mara kila makala inapofika mezani, muuza samaki wetu huuliza kabla ya mtu mwingine hajafungua kinywa: picha hizi ni za shamba la nani?

Jambo moja lilitupa moyo, nalo ni kujua kwamba hatuko peke yetu. Mwaka 2018 mkutano mkubwa wa elimu hii ulipofanywa Montreal, Waafrika wengi waliotaka kwenda walinyimwa viza. Mwingine uliokuwa ufanyike Addis Ababa mwaka 2020 ukafanywa kwa intaneti tu kwa sababu ya korona. Lakini mwezi Mei 2023 mkutano huo huo ulikuja Kigali. Kabla ya hapo ndugu zetu wa bara hili walikuwa wamekwisha kujiundia mikutano yao: Data Science Africa ilianza Nyeri mwaka 2015, na mwaka 2017 ilikuja Arusha, Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017, ikafika Nairobi 2019. Na wako Masakhane, watafiti wa lugha za Kiafrika waliojikusanya kwa intaneti tangu 2019. Mwaka 2021 walitoa maandishi ya magazeti katika lugha 10, Kiswahili kimo, pamoja na Kiganda, Kinyarwanda na Kijaluo, yakiwa na alama kuonyesha majina ya watu, ya mahali na ya vyama, ili mashine zijifunze kuyatambua. Kazi hiyo ilifanywa na wenye lugha. Yeyote aliyeona mashine ikidhani Tumaini ni jina la mtu mahali ambapo ni matumaini tu, ataelewa kwa nini.

Makerere nao, pamoja na wataalamu wa muhogo wa Uganda, waliweka wazi picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zimepigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Picha hizo twazitumia. Ila tumejifunza: twazitumia kufundishia. Mtihani ni wa majani ya Muheza.

Ipo taabu ya fedha, nasi hatuifichi. Bando ni ghali, umeme hukatika, na mashine za kufundishia twaazima bure kwa intaneti kwa saa chache usiku. Mwaka mmoja mtu wa mjini alituuzia masomo ya wiki sita pamoja na cheti. Fedha ilitoka katika michango yenu. Alitusomea vichwa vya habari. Cheti kiko ukutani pale ofisini, karibu na kalenda, kwa anayetaka kukitazama.

Mzee wa safu ya pili amekubali kutupa safu mbili za muhogo wake, mbegu ya kienyeji, zisizopigwa dawa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, tutapiga picha majani sita ya kila shina. Bibi shamba ataandika jibu lake katika daftari lake, mzee ataandika lake, na simu itaandika lake, hakuna kuchunguliana. Siku ya kuvuna tutapasua mizizi mbele ya wote. Anayetaka kuja aje na kalamu na viatu vya shamba. Mzee amesema jembe libaki nyumbani.